Ndege wa Majarubani na Mayai Yasiyoanguliwa

Kama unalima mpunga katika bonde la Usangu, bila shaka umemwona ndege huyu. Ukianza kuchavanga jaruba mwezi wa Desemba au Januari, yeye yuko nyuma ya ng'ombe. Ana miguu mirefu, kichwa kidogo na mdomo ulioinama kidogo. Mgongoni ni wa kahawia, na manyoya yake yamepangika kama magamba ya samaki. Hutembea katika tope akidonoa wadudu. Wakati mwingine hula punje za mpunga zilizomwagika. Huyu si kwelea kwelea. Hakai juu ya masuke wala hamalizi shamba. Usimwekee sumu.

Mimi ni Bwana Shamba. Kwa miaka mingi nilimwona ndege huyu bila kumjali. Leo nataka kukueleza jinsi alivyonionyesha kosa langu. Kosa lenyewe lilihusu kuku.

Mwaka 2008 cheti changu cha kilimo kilikuwa bado kipya. Katika kijiji nilichopangiwa alikuwapo mama mmoja, mtu mzima, mfugaji hodari wa kuku wa kienyeji. Alikuwa na mitetea wenye miguu mifupi sana, wale wanaotembea kama wanaburuta tumbo. Aliwapenda kwa sababu hawachakuri sana bustani za watu. Jogoo wake alikuwa wa miguu mirefu. Nikamwambia, "Mama, ukitaka kuku wote wawe wafupi, tafuta na jogoo mfupi. Mbegu huchaguliwa pande zote mbili." Akanisikiliza. Akampata jogoo mfupi kijiji cha pili, akatoa mitetea wawili ili apewe.

Kuku wa kwanza aliatamia mayai 12. Yakaanguliwa 9, na kati ya vifaranga hao 3 walikuwa na miguu mirefu. Kuku wa pili naye mayai 12, yakaanguliwa 8. Wa tatu hivyo hivyo. Mama akaniita. Nikavunja mayai yaliyobaki, nikaona ni viza. Nikamwambia mbele ya majirani kwamba ameweka mayai siku nyingi mno kabla ya kuyaatamisha, tena kiota chake kina unyevu.

Akajibu, "Bwana Shamba, kiota ni kile kile cha miaka yote. Mwenye kasoro ni jogoo huyu."

Nilicheka. Kisha nikaandika katika daftari langu kwamba mfugaji hafuati ushauri.

Mama akamchinja yule jogoo, akarudia wa miguu mirefu. Mayai yakaanguliwa kama zamani, vifaranga nusu wafupi, nusu warefu. Nilipita nyumbani kwake mara nyingi baada ya hapo. Sikuuliza kitu.

Sasa turudi jarubani. Mwezi wa Januari 2018 walikuja vijana wawili kuhesabu ndege wa majini. Nilitumwa niwaonyeshe njia za mifereji. Mmoja akanipa darubini. Nikasema, "Naona ndege wa aina mbili, wakubwa na wadogo."

"Hapana, kaka," akasema. "Ni aina moja. Mkubwa ni dume, mdogo ni jike."

Akanieleza kwamba huku kwetu majike ndio wengi. Wanazaliana mbali sana, kaskazini ya dunia, kuanzia nchi za Ulaya hadi Siberia huko Urusi. Ndege waliofungwa pete za miguuni katika Bonde la Ufa, Kenya, wamewahi kupatikana Siberia. Wataalamu humwita Calidris pugnax, na hilo neno la pili maana yake ni mpenda vita. Mimi sijapata kumwona akipigana kwa nguvu hapa Usangu. Vita vyake viko kwao.

Kule, ikifika Mei, madume huwa wameota manyoya marefu shingoni kama watu waliojifunga migolole. Hukusanyika kwenye uwanja, nao uwanja huo ni kama wa ngoma. Majike huja kutazama na kuchagua. Jike akishapandwa huenda zake, hutaga mayai yake 4, na hulea peke yake.

Madume hao ni wa namna tatu. Wengi ni wapiganaji. Mgolole wao kwa kawaida ni mweusi au wa kahawia, na kila mmoja hulinda kiwanja chake kidogo kama hatua moja. Wengine wana mgolole mweupe na hawapigani. Mwenye kiwanja huwaruhusu waingie, maana wakiwapo wawili majike huvutika zaidi. Halafu mwenyewe akizubaa, yule mweupe hupata nafasi yake. Namna ya tatu hana mgolole kabisa. Anafanana na jike. Hupita katikati ya wapiganaji bila kuguswa, na mwenye kiwanja hudhani amepata mke! Huyu alitangazwa na wataalamu wa Uholanzi mwaka 2006 tu. Katika madume 100, wapiganaji ni kama 80 hadi 95, weupe ni 5 hadi 20, na wa namna ya tatu ni kama 1.

Tabia hizi hawafundishwi. Mwaka 1995 mtaalamu David Lank na wenzake walionyesha kwamba ni za kurithi. Mwaka 2016 wataalamu wengine wakaeleza zinavyorithiwa. Nitakueleza kwa mfano wa shanga, kama nilivyoelezwa mimi.

Katika mwili wa ndege, kama wa mtu, mna nyuzi za urithi, mbili mbili, mmoja wa baba na mmoja wa mama. Kila uzi una shanga zake. Zinapotengenezwa mbegu za uzazi, nyuzi mbili hulala sambamba na kubadilishana shanga. Ndiyo sababu moja ya watoto wa tumbo moja kutofanana. Sasa kwa ndege huyu, miaka kama milioni 3.8 iliyopita, kipande cha uzi mmoja kilikatika, kikageuka, kikaunganika kinyume. Kipande hicho kina shanga 100 hivi. Kwa kuwa kimegeuka, hakilali vizuri na mwenzake, wala hakibadilishani shanga kama kawaida. Basi rangi ya manyoya, ukubwa wa mwili na tabia ya kutopigana hurithiwa pamoja, kama mzigo uliofungwa kamba moja.

Lakini pale uzi ulipokatika, shanga moja iliharibika. Bila shanga hiyo mwili hauwezi kukua. Ndege akirithi uzi uliogeuka kwa mzazi mmoja, shanga nzima ya mzazi wa pili inamtosha. Akiurithi kwa baba na kwa mama, hufa. Majike nao hubeba uzi huo, ingawa hawana migolole. Mbebaji akipandana na mbebaji, kwa wastani yai 1 katika kila 4 halifiki popote.

Hapo nikashusha darubini. Yai 1 katika 4. Mayai 3 katika 12.

Nikamwuliza kijana habari za kuku wa miguu mifupi. Akasema hesabu yao ni hiyo hiyo, ingawa shanga ni nyingine, na jambo hilo limejulikana muda mrefu. Kila kuku wa namna ile amerithi ufupi kwa mzazi mmoja tu. Aliyerithi kwa wote wawili hufa katika siku za kwanza za kuatamiwa, na yai lake ukilivunja utaliona ni viza.

Nikauliza swali la mkulima. Kama uzi huu unaua, mbona haujaisha? Akajibu kwamba wabebaji ni wachache, hivyo wengi wao hupandana na wasiobeba, na hakuna yai linalokufa kwa sababu hiyo. Tena hila ya kujifanya jike hufaa inapokuwa ya wachache. Wakizidi, wabebaji watakutana wao kwa wao na mayai yatakufa. Kwa hiyo hawaishi, wala hawajai. Na vipimo vya urithi vimeonyesha kwamba ndege hawa, kutoka Ulaya hadi Siberia, hawatofautiani sana. Wanachanganyika. Huko Uholanzi mabonde ya majani yalikaushwa, yakawa yanakatwa mapema kwa mashine, na wanaozaliana huko sasa ni wachache sana. Hilo nalo ni kazi ya kilimo.

Jioni ile nilipanda pikipiki. Mama alikuwa barazani akipukuchua maharage, amezeeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekumbuka njia?"

Nikamweleza habari za ndege, shanga na jogoo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe mayai yangu hayakuwa ya siku nyingi," akasema.

"Hayakuwa, mama. Nilikosea, na nilikuaibisha mbele ya watu."

Akanyamaza kidogo. "Na mitetea wangu wawili niliowatoa?"

Nikaenda kwenye pikipiki nikawafungua mitetea wawili niliokuja nao. Akawainua mmoja mmoja, akawatazama miguu.