Tumba la Kwanza

Katika nchi za baridi, mtu apandaye miwaridi huijua siku ya kuanza kutazamia maua: theluji huyeyuka, mchana hurefuka, na majira ya machipuko huingia. Bujumbura haina majira hayo. Hapa kando ya Ziwa Tanganyika, kiasi cha mita 780 juu ya usawa wa bahari, mwaka umegawanyika kati ya mvua na kiangazi. Na mwenye bustani, baada ya kulistahimili vumbi la Juni hadi Agosti, hungoja wingu la Septemba.

Wingu hilo lilipofika mwaka 2011, mke mmoja wa askari, mkazi wa mtaa wa Buyenzi, alikuwa akingoja jambo jingine. Mumewe alikuwa Mogadishu tangu katikati ya mwaka. Majeshi ya Burundi yaliingia Somalia Desemba 2007, chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na familia za askari zilikuwa zimekwisha kuzoea hesabu yake: amekwenda lini, atarudi lini, simu ya mwisho ilikuja siku gani.

Mwishoni mwa Septemba mama mkwe wake aliteremka kutoka milima ya Mugamba, ambako vilele hupita mita 2,000 na chai hustawi kwa baridi. Alileta viazi, maharage, na kifurushi kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Ndani yake mlikuwa na vijiti 8 vya mwaridi, urefu wa shubiri moja kila kimoja.

"Mwanangu," alisema, "mume wako alipokuwa mdogo, yeye ndiye aliyeumwagilia maji mwaridi wangu. Vipande vijiti hivi mlangoni pako, ili akirudi avikute vina maua."

Mke yule hakuwahi kupanda ua maishani mwake. Alimwendea mzee jirani, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi ya bustani katika nyumba za Rohero. Mzee alivigeuza vijiti mkononi, akasema kuwa waridi la mlimani hupata taabu katika joto la ziwani: ua lake huwa dogo zaidi na hudondosha petali upesi, lakini mwenye moyo wa kulitunza hulipata.

Kisha akamwonyesha kazi. Walitoboa matundu chini ya makopo ya maziwa ya unga, wakachanganya udongo, mchanga na samadi iliyooza sawasawa, kwani samadi mbichi huunguza. Majani ya chini yaliondolewa, yakabaki mawili tu ya juu. Kila kijiti kilikatwa kwa mshazari chini ya jicho, kikazamishwa hata macho mawili yakawa ndani ya udongo. Makopo yakawekwa penye mwanga lakini si juani. Maji yamwagwe asubuhi, tena udongoni wala si juu ya majani, kwa maana jani lilalalo na maji hushikwa na ugonjwa wa madoa meusi.

"Na sasa?" aliuliza mke yule.

"Sasa usifanye neno," alijibu mzee. "Na hiyo ndiyo kazi ngumu kupita zote."

Wiki ya tatu ilipotimia, vijiti vitano vilikuwa vimetoa vijani vyekundu. Watoto walishangilia. Mzee hakushangilia. Alieleza kwamba kijiti kilichokatwa huwa na akiba kidogo ya chakula ndani yake, na kwa akiba hiyo huweza kutoa majani kabla ya kuwa na mzizi hata mmoja. Macho ya mtu huona jani. Habari yenyewe iko chini.

Ndipo ilipofika tarehe 20 Oktoba. Siku hiyo, huko Daynile, pembezoni mwa Mogadishu, wanajeshi wengi wa Burundi waliuawa vitani. Habari zilifika Bujumbura kwa redio na kwa minong'ono ya sokoni, kila mtu akitaja hesabu yake. Mke yule alipiga simu, haikuita. Alipiga tena usiku, akapiga alfajiri. Siku ya pili ikapita, na ya tatu. Aliwapikia watoto, akawapeleka shule, akarudi kuketi kizingitini, simu mapajani, makopo manane mbele yake.

Alasiri ya siku ile ya tatu alinyosha mkono akakichomoa kijiti kilichokuwa na majani mengi kupita vyote. Palikuwa na kovu jeupe lililotuna mwishoni mwake, basi. Hapakuwa na mzizi. Alikichomoa cha pili. Nacho kilikuwa na uzi mmoja mweupe, mwembamba kama unywele, uliokatika alipokuwa akiutazama.

Mzee alimkuta ameshika vijiti viwili mkononi. Hakumkemea. Alisema tu, "Mwanangu, ulitaka kujua."

"Nilitaka kujua jambo moja tu, baba. Lolote."

Mzee alivirudisha vijiti makoponi, ingawa alijua havitapona. Lile kovu jeupe, alisema, lilikuwa dalili njema, kwani ndimo mizizi itokamo. Lakini kilichofukuliwa ili kijulikane kama ki hai, aghalabu hufa kwa kule kufukuliwa.

Siku ya nne simu iliita. Sauti ilikuwa ya mbali na maneno yalikuwa machache: yeye mzima, awasalimu watoto, amwambie mama. Kisha akamtaja rafiki yake mmoja, waliyeondoka naye siku moja, akanyamaza. Mke yule alimfahamu. Nyumba ya marehemu ilikuwa barabara ya tatu kutoka pale, na mjane wake walikuwa wakikutana naye kila mara dukani.

Kwa wiki nzima alishinda matangani, akipika na kulaza watoto wasio wake. Hakuyakumbuka makopo. Mvua ndiyo iliyoyamwagilia.

Ilipofika Desemba, vijiti vinne kati ya vinane vilikuwa vimeshika. Mzee aliigusa kidogo, akahisi jinsi ilivyoukamata udongo, akasema wakati umewadia. Mashimo yalichimbwa mahali palipopata jua la asubuhi na kivuli cha ukuta mchana. Miche ikahamishwa pamoja na udongo wake wote, na nyasi kavu zikatandazwa shinani ili unyevu usikimbie. Vidukari walipoyavamia machipukizi laini, watoto waliwaosha kwa maji ya sabuni.

Katikati ya Februari 2012 kila mche ulikuwa na tumba moja. Mke yule aliwaita majirani waje kuona. Mzee naye alikuja, akiwa na kisu.

"Yakate," alisema.

Alieleza kuwa mche mchanga unaozaa ua hutumia nguvu ambazo mizizi na matawi yanazihitaji. Tumba la kwanza likiondolewa, mche hujenga mwili kwanza, na baada ya wiki 6 hadi 8 hurudi na maua bora zaidi. Wakulima wa Naivasha, nchini Kenya, ambako maua hulimwa kwa ajili ya soko la Ulaya, huhesabu wiki vivyo hivyo tangu siku ya kukata, ili maua yao yafike kabla ya tarehe 14 Februari.

Mke yule alikata matumba matatu, mkono ukimtetemeka. La nne alishindwa. Lilifunguka asubuhi ya Jumamosi, dogo, la rangi ya waridi iliyopauka. Joto la mchana lililegeza, na siku ya tatu petali zilikuwa chini. Mche ule ulibaki mdogo kuliko wenzake. Ile mitatu ilichanua katika mvua za Aprili, maua yaliyojaa, nayo harufu ilifika hata kwa fundi wa baiskeli ng'ambo ya barabara.

Mume alirudi Julai. Ilikuwa kiangazi. Alikuta miti minne iliyofunikwa na vumbi, bila ua hata moja.

"Mama aliniambia kuna maua," alisema.

"Yalikuja Aprili," alijibu mkewe. "Sasa ni zamu yako kungoja."

Basi akangoja. Kila alfajiri, kwa kuwa usingizi ulimwisha mapema tangu aliporudi, alijaza ndoo akamwagilia shina kwa shina. Hakusimulia mengi. Kwa mjane wa rafiki yake hakuwa amekwenda. Kila siku alisema kesho, na mkewe hakumhimiza.

Mwishoni mwa Agosti mzee alikuja kupogoa. Matawi yaliyokatwa yalilala chini, na mke akayaokota, akachagua sita yaliyokomaa, akayapanda katika makopo kama alivyofundishwa. Jioni alimwambia mumewe, "Haya ni ya nyumba ile. Mimi siwezi kuyabeba peke yangu."

Askari aliyatazama makopo kwa muda. Kisha akavaa viatu. Walikwenda pamoja, yeye akibeba manne, mkewe mawili, hadi barabara ya tatu. Mjane aliwapokea, akawapa viti. Walikaa hadi usiku, na hapo ndipo rafiki alipotajwa kwa jina lake, na watoto wake wakasikia jinsi baba yao alivyokuwa akiwachekesha wenzake kambini. Wakati wa kuaga, mke aliyaonyesha makopo, akasema neno moja tu la ufundi: "Dada, usivifukue kutazama."

Mwisho wa Oktoba 2012 miti yote minne ya mlangoni ilikuwa na maua, hata ule mdogo. Kwenye barabara ya tatu makopo sita yalikuwa bado na majani tu, na mwenyewe aliyamwagilia kila asubuhi, akayaacha yalivyo.