Jumamosi Usije na Gari

Marangu, Jumatano jioni

Mwanangu mpendwa,

Huku tu wazima, isipokuwa huyo unayemjua. Mvua imetuhurumia, migomba imesimama. Dada yako yupo tangu juzi na ndiye anayemgeuza baba yako kitandani. Ndiye pia aliyeniambia kwamba Jumamosi unakuja na gari la kukodi kumchukua mgonjwa umpeleke Dar es Salaam kwa nabii, na kwamba umeshatoa sadaka ya mbegu kwa pesa za mkopo. Tena ulimwambia baba yako aache dawa ya maumivu, eti kuinywa ni kukosa imani.

Sikukupigia simu kwa sababu ungenikatiza. Barua haikatizwi.

Sikukatazi kumwombea. Mimi ni mzee wa kanisa miaka 19 sasa, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika mtaa wetu, na Yakobo sura ya 5 naijua: mgonjwa awaite wazee, wamwombee na kumpaka mafuta. Tumemfanyia baba yako hivyo mara mbili, bila senti, tumekaa kwenye vigoda kando ya kitanda chake. Alishukuru. Saratani imebaki palepale.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata dada yako hajalisikia. Nyote mnajua kwamba Machi 2011 nilimpeleka marehemu mume wangu Loliondo kunywa kikombe cha dawa kwa yule mzee aliyeitwa Babu. Figo zake zilikuwa zimekwisha, na daktari alikuwa ameniambia nimrudishe nyumbani akapumzike. Mimi nikasema daktari hana imani. Nikauza ng'ombe, tukabanana watu 11 kwenye Land Cruiser, tukapita Mto wa Mbu na Engaruka, tukapita chini ya mlima Lengai, vumbi mpaka kooni. Kabla ya kufika Samunge, kijijini kwa Babu, tukakuta foleni ya magari isiyoonekana mwisho. Dawa ilikuwa ya mizizi ya mugariga, kikombe shilingi 500, na ilinyweka palepale tu, kutoka mkononi mwa Babu mwenyewe. Ndiyo maana watu walibeba wagonjwa wao hadi na magodoro.

Tulilala humo garini siku mbili. Usiku wa pili mume wangu alinishika mkono akasema, "Mama, kuna jambo kati yangu na mdogo wangu, nataka ulijue." Nikamziba mdomo kwa kanga. Nikamwambia, "Usiniage hapa. Kesho unapona, utamwambia mwenyewe." Akanyamaza. Asubuhi alikunywa, tukarudi, na siku ya tisa akafa. Siku tatu za mwisho alikuwa hawezi kutamka neno. Shemeji yangu naye ameshafariki. Jambo lile silijui hadi leo.

Babu simlaumu. Hakuja Marangu kunipakia garini, na naye alifariki Julai 2021, kama atakavyofariki kila anayetuombea. Aliyemziba mume wangu mdomo ni mimi, na nilidhani ninamtetea Mungu.

Ndiyo maana hilo gari lako la Jumamosi linaninyima usingizi.

Unasema kukubali kwamba baba anakufa ni kumkosea Mungu. Mwanangu, Lazaro alifufuliwa, kisha akaja kufa tena. Hezekia aliongezewa miaka 15, ikaisha. Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, wala hatusomi kwamba alimkemea kwa kukosa imani. Na Bwana mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kimwondokee, akakinywa. Ufufuo tunaoukiri kila Jumapili ulikuja baada ya kaburi, haukulipita pembeni.

Dawa ile ya kunywa, morfini, tumepewa na watu wa tiba shufaa. Akiinywa anapata kama saa nne za kukaa kitako na kuzungumza. Ukimnyima hiyo utakuwa umemziba mdomo, kama nilivyofanya mimi kwa kanga.

Na maneno anayo. Jana aliomba kitabu cha Tumwabudu akachagua nyimbo za mazishi yake, akampigia mwalimu wa kwaya simu kumwonya kwamba sauti ya nne siku hizi inachelewa. Amekuwa mwimbaji wa besi tangu ujana, hakuweza kujizuia. Anataka pia akueleze mipaka ya kihamba, shamba letu la ukoo, mti kwa mti. Kihamba ambacho babu yako alimpa yeye peke yake, na sisi wa kike tukapewa masufuria. Hilo nilishasamehe, nalitaja tu.

Mengine ni mafupi. Huo mkopo anza kuulipa, na mbegu nyingine usipande. Picha za baba yako akiwa kitandani usizitume kwenye kundi la ukoo. Dada yako usimfokee, amechoka. Na ukiwaona watu wanakimbilia mafuta ya upako, kumbuka uwanja wa Moshi, Februari 2020: watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia, na wengi wao walikwenda kutafuta uzima.

Ukiogopa kuingia chumbani, nifuate jikoni kwanza, tutalia wote. Kisha utanawa uso umpelekee mtori.

Gari liache. Panda basi la Ijumaa alfajiri. Mchungaji anakuja Jumamosi saa nne asubuhi kumletea Meza ya Bwana, na baba yako ameomba isianze mpaka uwe umekaa.

Ni mimi,
Shangazi yako