Chombo Kisichobeba Kitu

Mwezi uliopita, katika somo la Estetika, Padre mwalimu wetu alimweka pembeni Mtakatifu Tomaso kwa kipindi kimoja. Alituonyesha picha za maonyesho ya "Radical Clay", yaliyofanyika katika Art Institute of Chicago, Marekani, kuanzia Desemba 2023 hadi Juni 2024: kazi za udongo za wanawake wasanii 36 wa Japani.

Sisi mafrateri tulicheka. Picha moja, kazi ya Tanaka Yu, ilionyesha kifurushi cha kitambaa cha manjano kilichofungwa fundo, mikunjo yote ikionekana. Kumbe si kitambaa, ni udongo uliochomwa. Fundo lile halifunguki. "Sasa hiki kina kazi gani?" aliuliza mmoja wetu. Aristotle ametuzoesha kuuliza kila kitu kipo kwa lengo gani.

Padre alitueleza kwamba hata Japani swali hilo liliulizwa. Kwa karne nyingi mfinyanzi alisifiwa kwa bakuli la chai, mtungi na sahani. Mwaka 1954 Yagi Kazuo wa Kyoto alitengeneza duara la udongo lenye vijibomba kama miguu, lisilo chungu wala chombo cha maua. Wengi walifuata njia hiyo. Wanawake nao walizuiwa muda mrefu kukaribia tanuri, kwa kuwa walihesabiwa si safi. Leo kazi zao zinajaza ukumbi.

Kisha akauliza, "Na mwenzenu aliyeondoka, mnamwitaje?"

Tulinyamaza. Tulikuwa tunamwita chungu kilichopasuka. Tulikula naye meza moja miaka miwili, lakini alipoacha seminari hakuna aliyempigia simu. Tuliona hana kazi tena kwetu.

Jioni tulifungua Yeremia. Katika sura ya 18, chombo kinaharibika mkononi mwa mfinyanzi, naye anakifinyanga upya. Katika sura ya 19, gudulia linavunjwa na halitengenezeki tena. Tulijadiliana sana, tukaona tofauti iko kwenye moto: udongo ukishachomwa haurudi kuwa tope. Sisi wa miaka 25, tuliobaki na waliotoka, bado tu wabichi mkononi mwa Mfinyanzi. Nani alitupa ruhusa ya kutangaza kwamba mwenzetu ameshapasuka?

Baada ya Masifu ya Jioni, kwa ruhusa ya mlezi, tulimpigia. Anafundisha watoto hisabati kijijini kwao. Tulimwomba msamaha. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama bado maharage ya Jumatano yana mawe. Tulicheka wote, na safari hii kicheko hakikumuumiza mtu.

Mpendwa msomaji, huenda parokiani kwako yupo aliyerudi nyumbani kutoka seminarini au utawani. Usimwulize alishindwa nini. Mkaribishe chai.