Barazani na Darasani: Siku Mbili Mjini Lamu

Atokaye Mombasa kwa basi hushukia Mokowe, kisha huvuka kwa boti mpaka gati ya mji wa kale wa Lamu, uliotiwa na UNESCO katika urathi wa dunia mwaka 2001. Wageni wengi hutazama milango ya kuchongwa. Mimi, kwa kazi yangu ya kusomesha, hutazama madaka. Daka ni ukumbi mdogo ulio mbele ya mlango, wenye baraza za mawe pande mbili, nazo zaelekeana, hivyo waketio hapo hutazamana uso kwa uso. Hapo mtoto wa kiume alijifunza kuamkia wakubwa, kungoja mwenziwe amalize, na kumpinga mtu bila kumvunjia heshima.

Tuseme kweli, lakini: baraza hizo zilikuwa za wanaume. Binti alifunzwa mazungumzo ndani, kiwandani na misanani, kwa mama, nyanya na mashangazi, na mara nyingi alifunzwa kunyamaza zaidi kuliko kusema. Na leo hata wavulana hawapati darasa hilo. Alasiri moja mtaani Mkomani nilipita daka lenye vijana wanne, kila mmoja ameinamia simu yake.

Basi kazi hiyo imeiangukia shule. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeyaweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Na katika somo la Kiswahili, Kusikiliza na Kuzungumza hutajwa kabla ya Kusoma na Kuandika. Karatasini ni jambo zuri. Madarasani, mara nyingi mwalimu husema na watoto huitikia kwa pamoja, na vyuo vyetu vya Qur'ani havimo nje ya hukumu hiyo.

Katika shule moja ya msingi mjini humo nilikuta vingine. Mwanafunzi mmoja wa kike alikuwa amefiwa na babake. Aliporudi darasani, wenziwe walimwepuka siku mbili nzima, si kwa ubaya, bali hawakujua la kumwambia. Naye akadhani wamemchukia. Mwalimu wao, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, hakuwagombeza. Siku ambayo binti yule hakuwapo aliweka vitabu kando, akawaketisha watoto jamvini kwa duara, akawauliza: mtu aliyefiwa huambiwa nini? Wakajibu, "Makiwa." Na baada ya makiwa? Kimya.

Wakafundishwa, wawili wawili, kama wafundishwavyo hesabu. Mmoja asema, mwenziwe amtazama, kisha arudia alilolisikia kabla ya kutia lake. Wakatafuta majina ya yaliyo moyoni: huzuni, uchungu, soni, kinyongo, jitimai. Nilistaajabu. Lugha yetu ina hazina yote hii, na mtoto akiulizwa hali yake hujibu "poa" tu! Mvulana mmoja alisema kwamba yeye akiwa na soni hupiga watu. Hakuna aliyecheka, mwalimu alikwisha waonya.

Wako wazazi waonao kwamba haya ni mambo ya kigeni, yamlegezayo mtoto. Mimi siafikiani nao. Mdogo wake Anas bin Malik, aitwaye Abu Umayr, alikuwa na kindege cha kuchezea, kikafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona mtoto huyo amehuzunika, alimwita kwa kuniya yake kama aitwavyo mtu mzima, akamuuliza habari za kindege chake. Hakumwambia kwamba kindege ni kitu kidogo. Na mtoto asiyepata nyumbani wa kumsikiliza atamtafuta nje, na huko nje wamo wasikilizaji wasio na nia njema, hasa kwa mabinti.

Binti yule aliporudi, rafiki yake aliketi karibu naye akamwambia, "Nilikuwa sijui niseme nini. Nieleze habari za babako." Akaeleza jinsi babake alivyokuwa akishona nyavu huku akiimba vibaya. Mwalimu ndiye aliyenisimulia hilo.

Jioni ya pili mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wa darasa lile, alikuja na mumewe kwa mwenyeji wangu. Alikuwa na swali, nalo lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia. "Sheikh, mwanangu sasa akirudi shule huniuliza, 'Mama, leo moyo wako ukoje?' Sijapata kuulizwa hivyo tangu nizaliwe. Humjibuje?"

Mumewe alikuwa ameinama. Kisha akainua uso, akamtazama mkewe, akingoja jibu.