Siku ya Uvivu Nungwi

Safari yetu ya mihadhara ilianzia Mombasa, ikapita Tanga na Dar es Salaam, na siku ya ishirini ikatufikisha Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Mwenyeji wetu akatukodia chumba katika hoteli ya ufuoni, akatusihi tupumzike. Tuliona haya: tangu lini mwalimu akashinda mchana kutwa bila kazi?

Baada ya Adhuhuri tuliketi kivulini na mama wa watoto wetu. Maji yalikuwa yamekupwa, na kwa mbali mafundi wakitia kalafati majahazi. Hatukuwa na kitabu wala simu mkononi. Tukamuuliza goti lake laendeleaje. Akatabasamu: "Sheikh, goti laniuma tangu Tanga. Leo ndiyo mara ya kwanza waniuliza."

Tulinyamaza. Kila mji tulisomesha haki za mke, naye ameketi upande wa wanawake akitusikiliza! Mtume (s.a.w.) alimfunza Abdullahi bin Amri kuwa mwili una haki yake, na mke ana haki yake. Hadithi hiyo tuliihifadhi madrasa tungali wadogo. Maana yake ilitufikia siku ya uvivu.

Ndugu msomaji, uliye naye safarini, umemuuliza hali?