Jirani na Mkabala: Kumbukumbu ya Kosa la Kiistilahi

Mwaka 2004 niliombwa kuhariri orodha ya istilahi za kemia iliyoandaliwa kwa ajili ya walimu wa sekondari. Nilikuwa nimehitimu shahada ya uzamivu si muda mrefu, nami niliipokea kazi hiyo kwa kujiamini kupita kiasi. Kosa nililolifanya ndilo linalonisukuma kuandika maelezo haya.

Miongoni mwa vidahizo vya orodha hiyo zilikuwamo asidi tatu zenye fomula moja, C8H6O4. Kila moja ina pete ya benzini yenye kaboni sita, na juu ya pete hiyo vikundi viwili vya kaboksili. Tofauti yao ni mahali tu: katika asidi ftaliki vikundi hivyo viko kwenye kaboni ya 1 na ya 2, katika isoftaliki, ya 1 na ya 3, katika tereftaliki, ya 1 na ya 4. Wanakemia huziita nafasi hizo otho, meta na para, na asidi zenyewe huitwa isoma.

Nilifungua kamusi ya Kigiriki. Otho ni "nyofu", meta ni "baada ya", para ni "kando ya". Hivyo nikapendekeza "nyofu", "baada" na "kando". Mwalimu mmoja wa kemia alikuwa ameandika "jirani", "rukamoja" na "mkabala". Niliyafuta kwa wino mwekundu, nikaeleza pembeni kuwa hayana msingi wa kietimolojia.

Alinijia ofisini bila hasira, akachora pembesita. "Daktari, naomba unionyeshe vikundi vilivyo kando kwa kando." Nikagusa kaboni ya 1 na ya 2. "Hiyo ndiyo uliyoiita nyofu. Uliyoiita kando ni hii, ambayo vikundi vyake vimetengana kuliko vyote. Mwanafunzi atakayekuamini atachora asidi nyingine."

Kisha akanieleza kwa nini mahali si jambo dogo. Asidi ftaliki ikipashwa moto hupoteza maji na kuwa anhidraidi, kwa kuwa vikundi vyake ni majirani na huweza kuungana. Tereftaliki haiwezi hilo. Lakini kwa kuwa vikundi vyake vinaelekea pande mbili zinazokabiliana, ikiunganishwa na ethilini glaikoli hujenga mnyororo mrefu ulionyooka. Whinfield na Dickson waliligundua jambo hilo huko Uingereza mwaka 1941, na kutokana nalo tukapata poliesta: chupa za maji, na shati la tetroni nililovaa shuleni.

Niliona haya. Kila mwaka nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi maoni ya Saussure kwamba thamani ya neno hutokana na uhusiano wake na maneno mengine katika mfumo, wala si asili yake. Nilipopewa mfumo halisi wa nafasi tatu, nikaukimbilia mzizi wa Kigiriki.

Niliyarejesha maneno yake yote matatu. Hata hivyo, orodha ilipotoka, jina lililochapwa lilikuwa langu peke yangu, nami sikulalamika. Hivi karibuni nilimweleza kuwa nataka kulisahihisha hilo. Alinisihi nisimtaje, ila niyataje maneno na nikiri kwamba si yangu. Ndivyo nilivyofanya hapa.