Skrini Ilisema 60, Bomba Likakataa

Wasee, kuna picha niliweka mwezi jana nikiwa na ovaroli kando ya dude kubwa jeupe, na nusu yenu mkaniuliza kama siku hizi nauza friji. Zii. Hiyo ni boila ya gesi. Nilikuwa nimeiunganisha na kompyuta ya jengo, na leo nataka kuwaambia vile nilichoma hiyo kazi, juu naona hii stori itawasaidia kuliko ile picha.

Kwetu ni Kiamaiko, hapa kando ya Huruma, na kama hujawahi kufika, pua yako itakufikisha kabla ya miguu. Mbuzi wanashushwa hapa kwa malori kutoka Marsabit, Isiolo, Moyale, na asubuhi nyama ishatoka kwenda kwa mabucha na mahoteli ya mji. Mathee anauza supu na vichwa vya mbuzi karibu na machinjio. Tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikiamshwa na sauti moja: maji yakianza kuimba kwa sufuria. Yeye hata haangalii. Anakata vitunguu akiwa amegeukia huko, anaskia mlio umebadilika, anasema, "Punguza moto." Sijawahi kumwona na kipimajoto.

Mimi nikaenda chuo cha ufundi kusomea umeme, na mwaka jana nikapata atachi kwa kampuni ndogo ya mafundi. Tukapewa kazi kwa hospitali moja ya kibinafsi, upande ule mwingine wa mji, mahali miti imepangwa kwa laini. Hospitali ilikuwa na boila mbili za gesi zinazochemshia wodi, jikoni na chumba cha kufulia. Tulitakiwa kuziunganisha na BMS.

Usiogope hilo jina. BMS ni kompyuta inayosimamia jengo. Inasoma sensa za joto, inajua tangi la maji limefika wapi, inawasha pampu, inazima feni, inajua kama jenereta imeshika. Badala ya mtu kutembea na tochi akikagua kila chumba, anakaa mbele ya skrini moja na anaona jengo lote. Na si showoff. Hizo boila zilikuwa zinachoma gesi usiku mzima zikiwa zimetegwa juu kabisa, hata saa ambazo hakuna mtu anafungua bomba. Ukiipa kompyuta ratiba, na uifundishe kusoma joto la maji yanayorudi, boila moja inaweza kulala na nyingine ikafanya kazi, halafu kesho yake zinabadilishana. Gesi ni doh. Yeyote aliyewahi kuskia mtungi wa kilo 6 ukifanya "fff" na kuisha katikati ya madondo anajua hiyo hesabu.

Kuunganisha kwenyewe kuna njia tatu, na nitapita haraka. Ya kwanza ni waya mbili tu: zikishikana, boila inaruhusiwa kuwaka; zikiachana, inazima. Kama swichi ya ukutani. Ya pili ni kuituma volti, kutoka 0 hadi 10, na boila inazisoma kama kipimo: volti kidogo, joto kidogo, volti nyingi, panda juu. Ya tatu ni kuifanya iongee. Boila nyingi za kisasa zinaweza kuongea lugha inaitwa Modbus, iliyotoka 1979, mathee akiwa hajazaliwa, na bado iko kila mahali kwa viwanda na majengo. Kwa waya mbili nyembamba boila inakuambia kila kitu: maji yanayotoka yako digrii ngapi, yanayorudi ngapi, moto umewaka au la, na kama imekwama, imekwama kwa nini. Kama boila yenyewe haijui hiyo lugha, unaweka kisanduku katikati kinachotafsiri.

Mimi nikaipenda hii ya tatu vibaya sana. Ndio hapo shida ilianzia, lakini ngoja kwanza.

Usiku kwa hizo boila kulikuwa na mzee mmoja. Miaka mingi sana kwa hicho chumba. Ana daftari la kurasa mia mbili ambalo kila saa anaandika joto, presha, na kitu kingine ambacho sikuelewa mwanzoni: "sauti sawa." Siku ya kwanza nilicheka kimoyomoyo. Sauti sawa? Halafu nikakumbuka sufuria ya nyumbani, nikanyamaza.

Siku moja alikuja akasimama nyuma yangu nikitoboa ukuta karibu na dari kuweka sensa ya gesi. Mchoro ulisema hivyo, na mchoro ulikuwa umetolewa kwa kitabu cha Ulaya.

"Kijana wangu," akasema, "kwani gesi yetu inapaa?"

Nikashuka ngazi. Huko Ulaya gesi ya boila mara nyingi inakuja kwa bomba kutoka barabarani, na ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja inapanda, kwa hivyo sensa inakaa juu. Yetu ni ya mitungi. Hapo hospitali ilikuwa mitungi ya kilo 50 imepangwa kwa kibanda cha waya nje, lakini ni ukoo mmoja na ule wa kwenu chini ya meza. Hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni kama maji, inatafuta shimo la mtaro ikae hapo ikingoja cheche. Mathee alinifundisha hiyo nikiwa darasa la nne: ukinusa gesi usiguse swichi, fungua mlango. Nilikuwa najua. Niliiacha Kiamaiko nilipovaa ovaroli.

Na sisi wa Eastlands hatuna sababu ya kusahau. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, pale Mradi, Embakasi, gesi ililipuka mahali palipokuwa pakijaziwa mitungi katikati ya makazi. Watu walikufa, mamia wakaumia, na EPRA ikasema ilikuwa imeshakataa maombi ya leseni ya hapo. Sensa ikahamia chini, karibu na sakafu. Tena tukaifunga moja kwa moja kwa vali ya kukata gesi, bila kupitia kompyuta. Injinia wetu, mama mkali lakini wa haki, ana sheria moja juu ya hiyo: kompyuta inaweza kuomba boila iwake, lakini isiwe na nguvu ya kuizuia kujizima. Kile kinachoangalia kama moto upo, kile kinachokata joto likizidi, kile kinachonusa gesi, vyote vina waya zao wenyewe. Programu inaweza kuganda, na waya uliokatika unajulikana umekatika.

Wiki ya mwisho mzee akanipa barua nimsomee. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono. Nikasoma kwa sauti, na nikafika katikati kabla nielewe nasoma nini. Ilisema kwamba kutokana na mfumo mpya, kuanzia mwisho wa mwezi ujao hakutahitajika mtu wa zamu ya usiku kwa chumba cha boila.

Mfumo mpya alikuwa mimi. Mimi na lapi yangu.

Akachukua barua, akaikunja mara nne, akasema, "Haya. Umesoma vizuri." Manze, heri angenitusi.

Sasa nirudi kwa pale nilichoma. Boila ikishindwa kuwaka, inajaribu tena, halafu inajifunga. Inakataa kabisa mpaka mtu aje aone shida ni gani na abonyeze kitufe. Ni akili nzuri, juu hutaki mashine inayomwaga gesi ikijaribu bahati. Kila boila ina vidude viwili vya kufungia waya ambavyo kazi yake ni moja: kupiga kelele kwamba nimejifunga. Sikuvifunga. Nilijiambia, si Modbus inaleta kila kitu? Kuvuta waya nyingine mita thelathini ya nini? Na kwa programu kulikuwa na sehemu ya kuchagua: habari zikiacha kuja, skrini ifanye nini? Nikaiacha vile ilivyokuwa. Vile ilivyokuwa ni kwamba skrini ingeendelea kuonyesha namba ya mwisho.

Ilikuwa Julai, na mnajua baridi ya Nairobi ya Julai. Mitungi ikipoa haitoi gesi kwa kasi, na ikiwa karibu kuisha ndio mbaya zaidi. Stima ikapotea saa saba usiku. Jenereta ikashika. Boila zote mbili zikajaribu kuwaka pamoja, presha ya gesi ikaanguka, zote zikajifunga. Kile kisanduku changu cha kutafsiri hakikuamka vizuri stima iliporudi. Kikaganda. Chumba cha kufulia kikaendelea kuvuta maji ya moto, tangi likaendelea kupoa, na skrini mpya kabisa, na rangi zake za kijani, ikasema: digrii 60.

Hiyo 60 si namba ya kubahatisha. Maji ya moto ya jengo kubwa yakikaa vuguvugu yanafuga bakteria anayeitwa Legionella, aliyejulikana baada ya watu kuugua kwa mkutano mmoja Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Ndio maana unayahifadhi 60. Kwa hivyo kwa mtu yeyote anayejua kazi, hiyo skrini ilikuwa inasema kila kitu kiko fiti.

Saa kumi mzee akapita. Daftari lake lilikuwa limefungwa, hakuna mtu alikuwa anamtaka aandike tena. Lakini akaskia kitu, ama hakuskia kitu. Akashika bomba linalotoka kwa boila. Baridi. Akaangalia skrini: 60. Akashika tena.

Akaamini mkono. Akageuza vali ya gesi kwenda upande wa mitungi ya akiba, akakagua, akabonyeza kitufe, akawasha boila moja, akangoja, ndio akawasha ya pili. Kufika saa kumi na mbili maji yalikuwa yanarudi kuwa moto. Kabla ya hapo, huko wodi ya kina mama, mama mmoja aliyejifungua usiku huo aliogeshwa na maji ambayo nesi aliyachemsha kwa birika, kidogo kidogo. Niliambiwa kama stori ya kuchekesha. Sikucheka. Mathee alinizaa Julai.

Asubuhi injinia akanipigia. Nilikuwa nishatunga uongo wa kutosha kwa matatu: stima, kisanduku kibovu, watu wa gesi. Akaniambia maneno matatu: "Andika vile ilivyokuwa." Nikaandika kwamba sikufunga waya, na kwamba sikuchagua kile kitu kwa programu. Halafu nikaongeza mstari ambao hakuna mtu aliniomba: kwamba hitilafu iligunduliwa na mtu wa zamu, si mfumo, na zamu hiyo iko karibu kuondolewa.

Waya tulivuta siku hiyo hiyo. Ule mstari mwingine, uongozi ulisema utajadiliwa. Barua ya mzee haijafutwa mpaka sai, imesongezwa mbele miezi mitatu, halafu tena mitatu.

Na mimi sisemi turudi kwa tochi na daftari. Nimeona ile boila moja ikilala usiku na najua hiyo gesi imeokolewa. Nikipewa kazi nyingine ya hivi kesho nitaenda mbio, na wewe uliye Huruma ama Mathare unayerekebisha simu na saundi kwa mlango wa keja, hii kazi unaiweza, waya ni waya. Ile inaniuma ni hesabu ya ofisini: tumenunua skrini, basi tumpeleke mtu nyumbani, hiyo ndio pesa tumeokoa. Wanaweka mshahara wa mzee kwa upande wa faida ya mfumo. Mfumo ulinunuliwa upunguze gesi. Kama umepunguza gesi, faida si hiyo? Na kama lazima umwondoe yule anayejua sauti ya boila, basi ulizia kwanza skrini yako itafanya nini siku itakapokuwa haijui. Yangu ilidanganya. Haikuwa na roho mbaya, ni mimi sikuwa nimeifundisha kusema "sijui."

Sai imefundishwa. Habari zikikatika, namba inageuka kijivu, alamu inalia kwa chumba cha boila na kwa simu ya mzee. Nilimwekea mwenyewe, na miwani tukatengeneza pale Juja Road kwa yule jamaa wa saa. Amebuni mtihani wake ambao haumo kwa kitabu chochote: kila Ijumaa usiku anachomoa waya wa kile kisanduku makusudi, anaangalia saa yake, anangoja aone skrini itachukua muda gani kukubali. Ijumaa iliyopita ilikuwa sekunde 40. Aliniambia kwa simu, akiwa anaandika. Halafu akaniambia ningoje kwa laini, akaenda kushika bomba.